Mugumo wa Waiyaki Way na tangazo ambalo darasa langu halikuliona

Mwishoni mwa Oktoba 2020 kundi la WhatsApp la darasa langu lilijaa picha za mti mmoja. Vyuo vilikuwa vimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wangu wengi walikuwa bado makwao, Kisii, Kilifi, Kitui, wakifuatilia mihadhara kwa simu. Kwa kawaida kundi lile lilikuwa la shida ndogondogo: bando limeisha, mtandao umekatika, mwalimu rudia slaidi ya tatu. Siku zile hakuna aliyeuliza slaidi. Mti ulikuwa mugumo, aina ya mtini wa porini, mkubwa wa Westlands, kando ya Waiyaki Way, na habari ilikuwa kwamba unang'olewa kupisha barabara.

Ninafundisha mawasiliano ya mazingira katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Tangu wakati ule nimekirudia kisa hiki na kila darasa jipya, kwa sababu sijapata kingine kinachonionyesha wazi namna hii jinsi wanafunzi wetu wanavyopata habari za mazingira kupitia mitandao ya kijamii. Wanazipata kwa wingi, wanazipokea kwa moyo wote, na mara nyingi zinawafikia mambo yakiwa yameshaamuliwa.

Kilichotokea

Serikali ilikuwa inajenga Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kazi iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Barabara inapita Mombasa Road, inapanda Uhuru Highway, na inashuka Waiyaki Way. Hapo Westlands ndipo ulipokuwa umesimama mugumo huo, mti unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 100 hivi na urefu wa jengo la ghorofa nne. Mamlaka ya barabara kuu ilisema mti ungeng'olewa na kupandwa upya mahali pengine.

Watu hawakukubali. Wanaharakati wa mazingira walipaza sauti, picha zikaanza kuzunguka Twitter, Facebook na stetasi za WhatsApp, na vijana waliokuwa wamefungiwa nyumbani tangu Machi wakazichukua na kuzisukuma mbele. Tarehe 11 Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri kwamba mti usiguswe. Tangazo lilisomwa na Mohamed Badi, aliyekuwa akiongoza idara ya huduma za jiji la Nairobi wakati huo, na mti ukatajwa kuwa ishara ya urithi wa utamaduni na mazingira ya Kenya. Barabara ikaupisha.

Nakumbuka ujumbe wa sauti wa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili jioni ile. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mwalimu, tumeshinda!" Sikuwa na sababu ya kumpunguzia furaha, na hata leo sina. Mti ule uko hai. Ukipita Waiyaki Way utauona.

Kwa nini mti huu

Mugumo si mti wa kawaida. Kwa Wakikuyu ni mti wa ibada. Wazee walichinjia kondoo chini yake, wakaomba mvua chini yake, na kuukata ilikuwa mwiko. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe kule Nyeri, alisimulia kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo kulikuwa na kijito, na yeye alikuwa akichezea mayai ya vyura majini. Aliporudi kutoka masomoni Marekani alikuta mugumo umekatwa shamba lipandwe chai, na kijito kimekauka. Akaja kuelewa kisayansi kile ambacho mama yake alikijua kwa imani: mizizi ya mugumo huchimba chini sana, hupenya mwamba, hushika udongo wa mteremko usiporomoke na huyafungulia maji ya chini njia ya kupanda juu.

Kuna jingine ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Miti ya jamii ya mtini haizai yote kwa msimu mmoja. Kila mti una ratiba yake, kwa hiyo katika eneo lenye mitini kadhaa, ndege na popo hupata tunda hata wakati miti mingine haina kitu. Na kila aina ya mtini ina nyigu wake mdogo anayeingia ndani ya tunda kuchavusha maua. Ukiondoa mti mmoja mkubwa wa namna hiyo katikati ya jiji, umeondoa jiko la viumbe wengi.

Haya yote niliyaeleza darasani Novemba ile. Lakini nilipowauliza wanafunzi ni nini kilichowafanya wasambaze picha, wachache sana walitaja maji au ndege. Wengi walisema jambo moja kwa maneno tofauti: ulikuwa mzuri, ulikuwa mkubwa, na ulikuwa unauawa.

Nadhani hapo ndipo penye ufunguo wa kisa chote. Mugumo uliingia kwenye simu kwa urahisi. Ulitosha ndani ya picha moja. Ulikuwa na mahali panapojulikana na jina ambalo Mkenya yeyote analitambua. Kulikuwa na mtu mmoja wa kuambiwa, rais, na jibu lilikuwa ndiyo au hapana. Hata aliyekuwa Kilifi, ambaye hajawahi kukanyaga Westlands, aliweza kuelewa habari yote kwa sekunde tano na kushika upande. Tulichokiita uelewa wa mazingira kilikuwa, kwa sehemu kubwa, mwitikio wa picha nzuri ya kitu kinachotaka kufa. Silidharau hilo hata kidogo. Bila mwitikio huo mti usingekuwapo. Lakini sharti tujue ni kitu gani tulichonacho mkononi.

Miti ambayo haikupigwa picha

Barabara ileile ilikata miti mingine mingi. Safu za miti ya Uhuru Highway na Mombasa Road, iliyokuwa ikiwatilia kivuli watembea kwa miguu kwa miongo kadhaa, ziliangushwa hatua kwa hatua kadiri ujenzi ulivyosonga. Mimi nilikuwa napita huko kwa matatu. Siku moja nilihesabu visiki hadi nikapoteza hesabu karibu na Bellevue, na mwanamke aliyeketi kando yangu akasema taratibu, kana kwamba anajisemea, "Hapa tulikuwa tunasimama jua likiwaka."

Vyuo vilipofunguliwa, wanafunzi wangu walipita njia hiyo kila siku. Wengi wao walikuwa wameweka picha ya mugumo kwenye stetasi zao mwaka uliotangulia. Sikuona hata mmoja aliyeweka picha ya visiki. Nilipowauliza, kijana mmoja mwenye akili nzuri alinijibu kwa unyofu: "Mwalimu, miti ile haina jina."

Basi nikauliza swali lililobadilisha namna ninavyofundisha. Ni nani kati yenu aliyewahi kusoma tangazo la NEMA gazetini?

Hakuna mkono uliopanda.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona, nalieleza. Kisheria mradi mkubwa hauanzi Kenya bila tathmini ya athari za mazingira. Ripoti inapowasilishwa, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, huchapisha tangazo kwenye magazeti na kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo hujaza nafasi kubwa ya ukurasa kwa herufi ndogo. Juu kuna jina la mradi na mwenye mradi, kisha mahali utakapojengwa. Katikati kuna jedwali la safu mbili: upande mmoja athari zinazotarajiwa, vumbi, kelele, kukatwa kwa miti, maji machafu, upande wa pili hatua za kuzipunguza. Chini kuna anwani za ofisi ambako ripoti kamili inaweza kusomwa, makao makuu ya NEMA pale Popo Road na ofisi ya mkurugenzi wa mazingira wa kaunti. Mwisho kabisa kuna mwaliko kwa umma kutoa maoni, kwa mdomo au kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi siku 30. Yote kwa Kiingereza.

Visiki vya Mombasa Road vilianzia kwenye karatasi za namna hiyo. Karatasi hutangulia, mashine hufuata. Mwanafunzi anayeanza kujua habari siku ya mashine hana tena mlango wa kawaida wa kuingilia. Amebakiwa na mlango mmoja tu, huruma ya mkubwa. Mugumo uliokolewa kwa huruma hiyo, na amri ya rais haikuweka utaratibu wowote wa kuilinda miti iliyosimama mita mia mbili mbele.

Nilipofika hapo, baadhi ya wanafunzi walihisi ninawalaumu. Sikuwa nalaumu. Kama kuna lawama ni yetu sisi walimu, tuliowafundisha neno "uendelevu" kwa mihula minane bila kuwawekea tangazo moja mezani.

Kamukunji ya 1999

Mwenzangu mmoja wa idarani alikuwa mwanafunzi Nairobi mwaka 1999, wakati wa Karura. Nimemwalika darasani mara kadhaa. Kwa wasiokumbuka: sehemu za Msitu wa Karura zilikuwa zimegawiwa wajenzi binafsi, na tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake, wabunge na wanahabari wakiwamo, walishambuliwa na walinzi walipokwenda kupanda miti huko. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, wakakabiliana na polisi, na Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta vikafungwa. Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Wanafunzi wangu humuuliza swali lilelile kila mara: mlijuaje, bila simu? Yeye hueleza kuhusu kamukunji, yaani mkutano wa hadhara wa wanafunzi. Gazeti moja lilipita mikono arobaini. Mtu alisimama juu ya kiti, akasoma kwa sauti jina la kila kampuni iliyopewa kipande cha msitu, na ukitaka kusema ulilazimika kusema mbele ya watu ambao wangekuuliza: umejuaje? nani kakuambia? kiwanja hicho kiko wapi?

Hapo kuna tofauti ninayoithamini kuliko ile ya kasi, inayozungumzwa na kila mtu. Katika kamukunji, kusema jambo kulikuja na wajibu wa kulijua. Kwenye stetasi unaweka picha, inakaa saa 24, inapotea, na hakuna anayekuuliza kiwanja kiko wapi. Sitaki kuzipamba siku zile. Watu waliumizwa, masomo yalikatika, na mwenzangu mwenyewe husema hataki mwanawe ayapitie. Ila swali la "umejuaje" ndilo ambalo simu haijawarudishia wanafunzi.

Hata Elizabeth Wathuti, ambaye vijana wengi wanamfahamu kwa hotuba yake kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021, hakuanzia mtandaoni. Alisomea mazingira Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2016 akaanzisha Green Generation Initiative, ambayo inawapandisha watoto wa shule miti ya matunda na kuwafuata waitunze. Wafuasi walikuja baada ya miche.

Lamu, bila picha

Kila mwaka naweka kando ya mugumo kisa cha pili, na wanafunzi wengi wa bara ndio kwanza wanakisikia. Lamu kulikuwa na mpango wa kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wa megawati 1,050, na NEMA ilitoa leseni mwaka 2016. Hapakuwa na kitu cha kupiga picha. Kituo kilikuwa bado hakijajengwa. Ungepiga picha ya nini, bahari tulivu? Wenyeji waliojikusanya chini ya Save Lamu walichukua ripoti ya tathmini na kuisoma. Waliuliza moshi utakwenda wapi, majivu yatawekwa wapi, maji ya moto yakirudishwa baharini samaki na mikoko vitakuwaje. Wakalipeleka shauri mbele ya jopo la kitaifa la kesi za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Hoja kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanywa mapema, kabla watu hawajaona matokeo ya utafiti, haiwezi kuhesabiwa kuwa ushirikishwaji.

Wavuvi na wazee wa Lamu walifika pale ambapo darasa langu la shahada halikufika, kwenye karatasi yenyewe. Nao walizitumia simu, tena vizuri. Walizitumia kuitana mikutanoni, kutumiana kurasa za ripoti, na kuwajulisha watu wa nje kilichomo ndani ya kurasa hizo.

Mwanafunzi mmoja kutoka Mpeketoni alitoka mbele akawaeleza wenzake jinsi mjomba wake alivyokuwa akihudhuria mikutano hiyo. Alizungumza kwa dakika kumi bila kutazama simu. Nilikaa nyuma nikamwachia darasa.

2024: walisoma

Wapo wanaoniambia vijana hawasomi nyaraka. Juni 2024 iliwajibu. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ulisomwa na wanafunzi wetu kifungu kwa kifungu, kwenye TikTok na kwenye vikao vya sauti vya X vilivyokesha hadi alfajiri. Ukatafsiriwa kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, na wabunge wakapigiwa simu mmoja mmoja. Tarehe 25 Juni watu waliuawa barabarani, na siku iliyofuata rais akasema hatautia saini. Siwezi kuutaja mwezi ule bila uzito. Lakini kwa kisa hiki umenifunza kwamba simu ileile iliyobeba picha ya mugumo inaweza kubeba kifungu cha sheria, mradi kuna mtu wa kukifungua kwa lugha ya watu na tarehe ya mwisho inayojulikana na wote.

Ndani ya muswada huohuo kulikuwa na ushuru wa mazingira, wa bidhaa zinazoacha taka ambazo ni vigumu kuzishughulikia, kama vile vifaa vya elektroniki, matairi na nepi. Mitandaoni ulijulikana kama ushuru wa nepi na sodo, na watu walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mzigo umwangukie mama mwenye mtoto mchanga na msichana wa shule. Serikali ikaupunguza, kisha muswada wote ukaondoka. Ila swali la nani alipie taka za simu zetu zilizokufa liliondoka nao, na hadi leo sijaona kundi la wanafunzi likilirudia kwa bidii ile. Hilo bado linaniuma.

Zoezi

Tangu mwaka 2024 sitoi tena insha ya "nafasi ya mitandao katika uhamasishaji". Natoa zoezi hili. Kila kundi la wanafunzi wanne litafute tangazo moja la NEMA ambalo siku zake hazijaisha, lipate ripoti, liandike kurasa mbili za Kiswahili zinazoeleweka na mtu wa kawaida, kisha lizipeleke kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaoishi karibu na mradi. Mbele ya darasa nauliza swali la kamukunji: mmejuaje?

Makundi mengi hukwama. Ripoti ina kurasa mia mbili, Kiingereza chake ni cha wahandisi, na ofisi nyingine humwangalia mwanafunzi anayeomba kusoma ripoti kana kwamba ameomba funguo. Nawaambia warudi na Katiba, Ibara ya 35 kuhusu haki ya kupata habari na ya 42 kuhusu haki ya mazingira safi. Baadhi hurudi.

Kundi moja lilichagua kituo cha mafuta kilichokusudiwa kujengwa karibu na kisima cha mtaa mmoja kule Kajiado. Waliandika kurasa zao mbili, wakazisoma kwa sauti kwenye ujumbe wa dakika tatu ili hata asiyesoma asikie, na wakautuma katika kundi la mtaa saa mbili usiku, watu wakiwa wameshakula. Msichana aliyekuwa kiongozi wao alinichezea majibu. La kwanza lilikuwa la mama mwenye duka, kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu ya siku: "Sasa hiyo barua tunaipeleka kwa nani, na siku ya mwisho ni lini?"

Zilikuwa zimebaki siku sita. Barua iliandikwa kwenye meza ya duka hilo, ikiomba matangi yasogezwe mbali na kisima na maji yapimwe kabla ya kazi kuanza. Siku ya nne wanafunzi walinitumia picha ya nakala iliyopokewa na ofisi ya kaunti. Mhuri wa zambarau umekaa upande, wino umefifia pembeni, lakini tarehe inasomeka.